Travian: sherehe ya mji au karamu ya pombe ya asali?

Katika Travian, mchezo wa mkakati wa mtandaoni, sherehe kubwa ya mji hufunguka Ukumbi wa Mji ukifika ngazi ya 10. Hula mbao 29,700, udongo 33,250, chuma 32,000 na nafaka 6,700, kisha huleta hadi pointi 2,000 za utamaduni, zinazohitajika kupata kijiji kipya. Nguvu ya upanga haiongezeki hata chembe.

Karamu ya pombe ya asali ni ya kabila la Wateutoni tu, na kiwanda chake hujengwa mji mkuu pekee. Kila ngazi ya kiwanda huongeza asilimia 1 ya nguvu ya mashambulizi. Ila ulevi una gharama: mitambo ya kurusha mawe hupiga jengo lolote bila kuchagua, na ushawishi wa machifu, wanaotumika kuteka vijiji, hushuka kwa nusu. Kwa uporaji ni tamu. Ukipanga kuteka kijiji, usiianzishe.