Hudl wiki ya mtoano: inatosha kumbana mkimbiza mpira nyota?

Timu ya sekondari imeingia hatua ya mtoano. Ijumaa inakutana na shule ambayo mpira wake wote unapita mikononi mwa kijana mmoja, na ikifungwa msimu umeishia hapo. Kwa makocha wengi wa futiboli ya Kimarekani, Jumamosi asubuhi ya wiki kama hiyo huanza kwa kufungua Hudl. Huduma hii ya video ilianzia Lincoln, Nebraska, mwaka 2006, na tangu 2019 ndiyo inayomiliki Wyscout, jina ambalo wafuatiliaji wa usajili wa soka wanalijua vizuri. Ina mambo mengi. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kumzuia raningibeki, yule mkimbiza mpira anayeanzia nyuma ya ukuta wa watu watano wa mbele.

Jibu fupi ni kwamba inafaa. Ila zile ripoti za rangi rangi inazochora yenyewe ndizo sehemu dhaifu. Nguvu yake iko kwenye safu unazojaza kwa mkono wako na kichujio unachokiweka wewe.

Kujua nani atapewa mpira si kazi ya programu. Derrick Henry alipomaliza msimu wake wa mwisho Yulee, Florida, mwaka 2012, alikuwa amekimbia yadi 12,124 katika maisha yake ya sekondari, akaipita rekodi ya Ken Hall wa Sugar Land, Texas, ya yadi 11,232 iliyokuwa imesimama tangu 1953. Hakuna aliyekutana na Yulee bila kujua mpira unaenda kwa nani. Kinachohitaji kutafutwa ni mwanya anaopelekwa, upande wa uwanja anaoupenda, na kilichomkwamisha siku alizokwama.

Video za mpinzani hupatikana kwa kubadilishana humo humo ndani ya Hudl: kocha wa timu pinzani anakutumia mechi zake, nawe unamtumia zako, kwa idadi inayopangwa na jimbo au ligi. Kila shambulio ni klipu moja. Tatizo la kwanza linaanzia hapa, na si la Hudl bali la mpiga picha. Mpiga picha akimfuata nyota kwa kuvuta kamera karibu, sefti, yaani walinzi wa mwisho nyuma kabisa, hawaonekani, na hujui kama zile yadi 40 zilitokana na ufundi wa kijana au na mlinzi aliyekimbilia pembe mbovu. Jambo la pili ni pembe yenyewe. Picha ya kutoka pembeni mwa uwanja inaonyesha mpangilio wa wote 22, lakini mbio za kupita katikati zinasomeka kutoka nyuma ya goli, ambako unaona mianya ikifunguka na magadi (wale wawili wa ukuta wanaopakana na senta, mtu wa katikati) wakichomoka, yaani wakiacha nafasi zao kwenda kumfungulia mkimbiaji njia. Hudl inaweza kuziunganisha pembe zote mbili, klipu kwa klipu. Ukipewa ya pembeni tu, omba ya nyuma kabla hujajaza hata safu moja. Kuirudia kazi baadaye ni hasara tupu.

Jedwali lililo chini ya video lina safu zake tayari: ODK (shambulizi, ulinzi au mpira wa kupigwa teke), jaribio la ngapi (timu hupewa manne kupata yadi 10), yadi zinazotakiwa, HASH (mistari ya alama uwanjani, kuonyesha mpira umewekwa kushoto, katikati au kulia), mstari wa yadi, mpangilio, upande, na GN/LS, yaani yadi zilizopatikana au kupotea. Kuna huduma ya nyongeza iitwayo Assist, ambayo watu wa Hudl hukujazia zile za msingi kwa malipo. Kwa wiki ya mtoano tunaiona ina thamani yake, kwa sababu inakuachia muda wa kujaza yale ambayo mtu wa nje hawezi kuyajua. Ongeza safu nne zako mwenyewe. Ya kwanza ni nyota amesimama wapi: nyuma ya kwotabeki (mgawa mpira), kulia kwake, kushoto kwake, anapokea mpira mwenyewe moja kwa moja, au yuko benchi. Ya pili ni mwanya alioutokea kweli, si ule uliokusudiwa. Ya tatu ni gadi yupi amechomoka na ameelekea wapi. Ya nne ndiyo wengi wanaisahau: aliguswa mara ya kwanza yadi ngapi mbele au nyuma ya mstari wa kuanzia shambulio.

Hesabu ya muda iko hivi. Mechi 4 zenye mashambulio kama 55 kila moja ni klipu 220. Ukitumia dakika 2 kwa klipu, ni saa 7 na dakika 20 za kukaa kitini. Wagawane makocha watatu na mtamaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini kubalianeni kwanza majina ya michezo, yaani mipango ya shambulio. Mmoja akiandika "Pawa", wa pili "PW" na wa tatu "pawa kulia", Hudl itahesabu michezo mitatu tofauti, na ripoti itasema hakuna wanachokipenda zaidi.

Safu ya HASH inahitaji jicho la peke yake. Kwa kanuni za NFHS, shirikisho la michezo ya sekondari la Marekani, mistari hiyo inagawa upana wa uwanja wa futi 160 katika sehemu tatu sawa, futi 53 na inchi 4 kila moja. Mpira ukiwekwa kwenye mstari wa kushoto, upande wa kulia unabaki na futi 106 na inchi 8, mara mbili ya ule mwingine. Kwenye NFL, ligi ya kulipwa, mistari hiyo imeachana futi 18 na inchi 6 tu, kwa hiyo mpira huwa karibu na katikati muda wote. Mipango ya ulinzi inayoigwa kwenye televisheni mara nyingi inakwama hapo. Ripoti ya kawaida itakuambia "kulia asilimia 60". Haina maana. Panga HASH pamoja na upande, upate upande mpana na upande mwembamba. Inaweza kujitokeza kwamba kijana hana mapenzi na kulia wala kushoto. Anakwenda kwenye nafasi, basi, na ukiona hivyo sefti wako wa nguvu anahamia upande mpana kabla mpira haujatolewa.

Sasa kichujio chenyewe. Watu wengi hufungua video ya sifa za nyota, ile aliyoitengeneza kwa ajili ya vyuo, wakaja mazoezini wameshatishika. Achana nayo, kwani imechaguliwa na yeye mwenyewe. Weka GN/LS kuanzia yadi 2 kushuka chini, kwa mbio zake peke yake, kisha tazama kutoka nyuma ya goli. Kwa mechi 4 utapata klipu 20 au 30, na hizo ndizo shule yako ya wiki nzima. Kwa kila moja jiulize: aliguswa wapi, na nani, na huyo aliyemgusa alipitia wapi? Ile safu ya mguso wa kwanza ndiyo inayolipa hapa. Mkimbiaji aliyeguswa yadi 2 nyuma ya mstari hajapata kuchagua njia. Miguu yake bado inajipanga. Aliyeguswa yadi 3 mbele tayari ana kasi, na hapo mlinzi mmoja hatoshi. Ukiona mbio zake mbovu zinafanana kwa sababu mlinzi wa ndani alipenya mwanya A, kati ya senta na gadi, mpango wako umeshaanza kujiandika.

Wastani nao unadanganya. Tuseme mtu amekimbia mara 20 kwa yadi 180, wastani yadi 9. Ndani yake kuna mbio mbili, ya 60 na ya 45. Zitoe: zinabaki mbio 18 kwa yadi 75, kama 4.2 kila moja. Kwa hiyo ulinzi haukushindwa mara 20, ulishindwa mara mbili, na hizo mbili ndizo za kuchambua hadi mwisho. Mara nyingi kosa ni lile lile: mchezo unaenda kulia, endi (mlinzi wa ukingoni) wa kushoto anaona mgongo wa mkimbiaji na kumfukuzia, kijana anakata kurudi kushoto, na nyumba haina mlinzi. Badala ya wastani, hesabu mafanikio: jaribio la kwanza limefaulu likipata asilimia 40 ya yadi zinazotakiwa, la pili 60, la tatu na la nne zote. Hesabu hii iwekee safu yake.

Angalia pia idadi iliyo nyuma ya asilimia. "Jaribio la tatu, yadi fupi: asilimia 100 pawa kulia" inasomeka kama siri ya adui, kumbe ni klipu 3. Chini ya klipu 8 usiwaambie wachezaji kitu. Iandike kwenye karatasi yako tu.

Kutoka kwenye skrini hadi uwanjani, kinachobaki ni kuhesabu mianya. Ukuta wa watano una mianya 6 ukihesabu kingo zake mbili. Akiongezeka taiti endi, mtu anayejipanga kando ya ukuta, ni 7. Fulubeki, mzuiaji anayeanzia nyuma, akitangulia mbele ya nyota, anatengeneza wa 8 popote atakapoenda. Kwa hiyo watu 8 karibu na mstari si ujasiri, ni hesabu tu. Pale nyota anapopokea mpira moja kwa moja na kwotabeki kusimama pembeni kama pambo, ukimwacha mlinzi wako amkodolee macho yule kwotabeki umejipunguzia mtu bure. Chuja safu ya nyota kwa "anapokea mwenyewe" uone kama kwotabeki amewahi kurushiwa mpira. Kama hajawahi, beki wa kona anayemlinda aje ndani.

Hebu tutazame klipu moja ya kaunta kwa karibu, ile ambayo magadi huanza kama wanaenda kulia na mmoja wao anachomoka kushoto. Simamisha picha kabla mpira haujatolewa na umkuze gadi. Anayekwenda kusukuma mbele ameweka uzito kwenye vidole vya mkono ulio chini, vimekandamiza nyasi. Anayekusudia kuchomoka mkono wake umegusa tu, makalio yameshuka, kisigino kimelala. Sogeza fremu kwa fremu kwa vitufe vya kibodi: hatua ya kwanza ya mkimbiaji ni ya uongo, kwenda kulia, na lainibeka (mlinzi wa mstari wa pili) anayemtazama yeye tayari amehama. Lainibeka anayemtazama gadi hajahama. Hii ndiyo sababu klipu za malainibeka wa ndani zikatwe zikianza sekunde mbili kabla ya mpira kutolewa, na agizo liwe moja: macho kwenye gadi. Klipu nyingi za kubadilishana huanza kwa kuchelewa, zikakata mkao huo wote. Ziwekee alama uzitupe.

Uamuzi wa endi nao ufanyike Jumapili, usisubiri Ijumaa. Gadi aliyechomoka akimjia, endi ama abane ndani na kumvuruga ili mpira utoke nje, ama asimame nje na kuurudisha ndani. Njia ya kwanza inahitaji lainibeka na sefti wenye kasi ya kumwahi nyota ukingoni. Kama kwenye klipu zake ndefu anawashinda walinzi kwa mbio, chagua ya pili. Endi mmoja akifanya hivi na mwenzake vile, mwanya unabaki wazi na hakuna wa kulaumiwa.

Orodha za klipu kwa wachezaji ziwe fupi: klipu 12 hadi 15 kwa kila nafasi, kila moja na maandishi ya mstari mmoja. Hudl humwonyesha kocha nani ametazama. Ni chombo kizuri, lakini kijana wa miaka 16 anaweza kuiacha video ikicheza huku yuko kwenye simu nyingine. Muulize Jumanne gadi namba ngapi ndiye anayechomoka, utajua.

Siku ya mechi kuna Sideline, inayoleta klipu kwenye tableti pembeni mwa uwanja kwa mtandao wake mdogo wa pale pale, bila kutegemea intaneti ya shule. Kanuni za NFHS zinaruhusu makocha kutumia vifaa hivi pembeni mwa uwanja, lakini hakikisha na chama cha jimbo lako. Hitilafu zake ni za kawaida: baridi ya Novemba inakula betri, na mpiga picha aliye juu kwenye mnara anasahau kukata klipu. Kuwa na tableti ya pili mfukoni mwa koti. Kati ya zamu moja ya ulinzi na nyingine una dakika chache tu, kwa hiyo tazama vitu viwili: nani hakuzuiwa na mtu, na endi wa upande wa nyuma amebaki nyumbani au ameondoka.

Timu yenye kocha mmoja wa ulinzi, asiye na msaidizi wala picha ya nyuma ya goli, haina haja ya kukimbilia kifurushi kikubwa. Cha msingi, kalamu, na zile klipu 25 za mbio zilizokwama vitamfikisha mbali kuliko kurasa 30 za ripoti. Mwenye watu watatu wa kujaza safu aongeze Assist kwanza na Sideline baadaye. Mzazi wa mchezaji hahitaji kununua chochote ili mwanawe aone orodha zake: akaunti ya mchezaji hufunguliwa kupitia timu, na kama hazioni, wa kuulizwa ni kocha.