Ziara ya Kendu Bay: mji mzuri, kiongozi hovyo

Lau ningeombwa kuipa alama ziara hii ya "historia na jiografia" ya Kendu Bay, mji wa Kenya ulio kando ya Ziwa Victoria, jioni ileile tuliyorejea Kisumu, ningeipa sifuri. Sasa hasira zimepoa, ingawa si sana.

Tukiwa ukingoni mwa ziwa dogo la Simbi Nyaima, shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliuliza kwa nini maji yake ni ya kijani ilhali Ziwa Victoria liko karibu hivyo. Kiongozi wetu, ambaye hakuwa amebandua macho kwenye simu tangu tushuke garini, akamjibu mbele ya watu wote: "Mama, umelipia kutembea ama kufundisha?"

Jibu lenyewe halikuwa gumu. Simbi ni ziwa la kasoko lililotokana na mlipuko wa volkeno. Halina mto unaoyatoa maji yake, kwa hiyo magadi hujikusanya humo na mwani wa kijani hustawi, nao ndio huwavuta heroe. Hayo tulielezwa na shangazi mwenyewe, kwa sauti iliyotetemeka. Kilichonichoma zaidi ni kwamba muda mfupi kabla ya hapo kiongozi huyohuyo alikuwa ametusimulia hadithi ya Wajaluo kuhusu kijiji kilichokuwa hapo, kilichogharikishwa usiku mmoja kwa sababu watu waliokuwa karamuni walimfukuza bikizee aliyeomba chakula. Aliikariri kama kasuku.

Mjini alituharakisha vivyo hivyo. Msikiti wa Tawakal katika mji wa kale tuliuona kupitia dirisha la gari. Kuhusu Gendia, ambako Mkanada Arthur Carscallen alianzisha misheni ya Waadventista mwaka 1906, alisema tu kwamba "kuna kanisa huko juu". Kwamba wamisionari hao walivuka ghuba kwa mashua kutoka Kisumu, mahali ambapo reli ilikuwa imefika mwaka 1901, hakulitaja kabisa, na sijui basi historia tuliyolipia ilikuwa ipi.

Hata hivyo, sithubutu kumkataza mtu kwenda. Gari liliposimama sokoni, mama mmoja aliyekuwa akipima omena, yaani dagaa, kwa kopo la gorogoro alimkaribisha shangazi kwenye kigoda chake, akamweleza jinsi ziwa lilivyofurika mwaka 2020 na kuwahamisha watu wa ufuoni, na jinsi magugu maji yanavyowafungia wavuvi njia kila upepo unapoyasukuma upande wao. Alimwita "mwalimu" na hakutaka hata shilingi. Kwa dakika hizo nilikuwa tayari kuwasamehe wote.

Kisha nikaomba nirejeshewe angalau nusu ya pesa, ofisi ya kampuni iliyotutembeza ikanijibu kwa ujumbe mfupi kwamba ziara "ilikamilika kikamilifu". Basi nendeni Kendu Bay, lakini pandeni matatu ya kupitia Katito na muwaulize wenyeji. Kampuni nilikuwa nimeiandikia nyota mbili kwa ajili ya Simbi. Nimezifuta, kwa kuwa Simbi si yao.