Dusk and Her Embrace ya Cradle of Filth: humu kinanda ndicho kinachoshika usukani

Likitajwa jina la Cradle of Filth, kundi la muziki wa metali, watu hukimbilia kuzungumzia sauti ya mwimbaji wao Dani Filth, na siwalaumu. Inashtua kweli. Inapanda hadi inakuwa ukelele mwembamba unaokwaruza masikio, halafu ndani ya mstari uleule inashuka na kunguruma kutoka kifuani. Lakini mimi nimeishi na albamu hii kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoirudia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mwenye kazi kubwa humu ni mpiga kinanda.

Albamu ilitoka mwaka 1996 kupitia lebo ya Music for Nations. Kundi lenyewe ni la Suffolk, Uingereza, ila kurekodi walikwenda Birmingham kwa prodyuza Kit Woolven, katika studio ya DEP International iliyokuwa ya UB40. Naam, UB40 haohao wa rege. Napenda sana kulikumbuka hilo kila ninapoisikiliza.

Sasa nieleze kuhusu kinanda. Kwenye albamu nyingi za metali, kinanda huwekwa nyuma kuziba mapengo, gitaa zikipumzika ndipo unakisikia. Hapa Damien Gregori anafungua nyimbo, anaziunganisha, na mara nyingi ndiye anayeamua ngoma zinyamaze lini. Chukua A Gothic Romance. Kinanda kinaanza na mlio wa muziki wa kale wa makasri ya Ulaya, wa madaha, unaokaribia kuchezeka. Gitaa zinapoingia haziji kukifuta. Zinabeba hali ileile, ila kwa uzito na kasi. Vaa hedifoni, usikilize chini ya mayowe: utasikia sauti za nyuzi na kwaya zinazotolewa na kinanda zikiendelea na safari yake kana kwamba hakuna anayepiga kelele.

Na nadhani hapo ndipo siri ya albamu ilipo. Ukelele wa aina hii hauna noti unayoweza kuishika. Una hasira, una uchungu, una kasi, lakini melodi hauna. Kwa hiyo melodi lazima itoke kwingine, na humu imekabidhiwa kinanda, pamoja na gitaa mbili zinazopiga sambamba. Dani anabaki huru kuigiza. Ukiutoa mkono wa Gregori, utabaki na mtu anayepiga mayowe juu ya ngoma za Nicholas Barker, ambazo zenyewe ni kali mno, miguu yake haichoki. Kwa saa nzima kasoro kidogo, ni wachache wangevumilia.

Nimesema kuigiza kwa sababu Dani haimbi kama mtu mmoja. Kuna anayenong'ona, kuna anayesimulia kwa sauti nzito, kuna anayelia. Sarah Jezebel Deva anaingia kwa sauti ya kike, mara akiimba kwa upole nyuma yake, mara akimjibu. Na kwenye Haunted Shores anasikika Cronos wa kundi la Venom, mmoja wa wazee wa muziki huu. Mashairi mengi yanahusu damu, makaburi, wanyonya damu na mapenzi yasiyo na mwisho mwema, yakiwa na harufu ya hadithi za Sheridan Le Fanu, mwandishi wa Ireland wa karne ya 19. Niseme wazi pia kwamba mashairi yana tamaa za mwili na maneno ya kuikebehi dini. Mtu wa imani anayejali vitu hivyo ajue kabla hajabonyeza.

Kuna mabishano yasiyoisha kama hii ni metali ya kigothi, yaani ile ya huzuni na giza, au metali nyeusi (black metal), ile ya kasi na mayowe. Makundi ya Uingereza yaliyotangulia, Paradise Lost na My Dying Bride, yalijulikana kwa mwendo wa polepole na huzuni nzito. Kule Norwei, Theatre of Tragedy waliweka ngurumo ya mwanamume mbele ya sauti nyororo ya mwanamke. Cradle of Filth walichukua huzuni hiyohiyo wakaipandisha kwenye kasi ya metali nyeusi. Mimi naiita ya kigothi bila kusita, kwa sababu kasi yote ile inatumikia simulizi na mapambo. Malice Through the Looking Glass inanithibitishia. Ni wimbo unaotembea taratibu, melodi yake haitoki kichwani, na mayowe yaliyomo yanasikika kama maombolezo hasa.

Haikosi kasoro. Maneno ni mengi kupita kiasi, ya Kiingereza cha kizamani, yamesongamana mpaka bila kijitabu cha mashairi huambulii kitu. Gitaa mara nyingine zinamezwa na kinanda, jambo ambalo kwangu si baya lakini mpenzi wa gitaa atanung'unika. Na Beauty Slept in Sodom, inayokuja baada ya kipande kifupi cha ala tupu, huwa inanichosha. Imejaa mabadiliko yanayofuatana bila kunipa nafasi ya kuyaonja.

Kuna pia toleo jingine, The Original Sin, lililotolewa 2016. Hiyo ni albamu hii ilivyorekodiwa 1995 kwa lebo ya Cacophonous, kabla kundi halijagombana na lebo hiyo na wanachama kadhaa kuondoka, akiwemo mpiga kinanda Benjamin Ryan. Ni ghafi zaidi na ina njaa zaidi. Nimezilinganisha wimbo kwa wimbo, na bado nachagua ya 1996: kinanda kimepata nafasi ya kupumua, na vile vituo vya ghafla kati ya kasi na utulivu vimekaa sawasawa. Lakini aliyeipenda ya 1996 asikose hiyo ya 1995, maana utaona jinsi mpango wa kinanda ulivyokuwa umeshikilia nyimbo tangu mwanzo, hata wapigaji walipobadilika.

Kwa mgeni, ushauri wangu ni huu. Usianzie mwanzo. Anza na Malice Through the Looking Glass, kisha A Gothic Romance, na usisikilize kwa spika ya simu, maana itakupa mayowe tu na kukunyima vilivyo chini yake. Masikio yakizoea, rudi kwenye Humana Inspired to Nightmare, ule utangulizi mfupi, uache albamu ikupeleke mfululizo. Heaven Torn Asunder inapolipuka baada yake, fuata kinanda kwanza. Sauti ya Dani utaikuta tu.