Figo zikishindwa kazi: kusafisha damu kwa mashine au kupandikiza figo?

Swali hili halikomi Dodoma tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa ianze upandikizaji mwaka 2018.

Kusafisha damu hakuhitaji mchangiaji. Lakini ni kama mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Anayetoka Kondoa anajua nauli inavyouma. Kinga ya mwili nayo hubaki imechokozwa, kana kwamba inapigana na maambukizi yasiyoisha, na mishipa ya moyo huumia.

Figo mpya hurudisha nguvu. Ila kinga huiona ngeni, hivyo vidonge vya kutuliza kinga hiyo humezwa kila siku; ukiviacha, figo inaweza kukataliwa.

Mwenye ndugu anayelingana naye na uhakika wa dawa, ningemsihi aulizie upandikizaji mapema. Mwenye TB isiyotibiwa, mashine kwanza, maana kinga ikitulizwa TB hupata nguvu.