Konokono wa dukani Mbeya walao mwani: kazi njema, maelezo haba

Mwezi Machi nilinunua konokono sita wa aina ya nerite katika duka moja la samaki wa mapambo hapa jijini Mbeya, kila mmoja kwa shilingi 6,000, kwa sababu kioo cha tangi langu la lita 120 kilikuwa kimeshikwa na madoa ya mwani wa kijani ambayo hata wembe uliyakwangua kwa shida. Leo, miezi mitano baadaye, wamebaki wanne, na kwa jumla wamenifaa kuliko mtu aliyeniuzia.

Kazi yao sina la kuilaumu. Katika wiki ya kwanza waliacha vijia vyembamba vilivyopindapinda juu ya kioo, na kufikia wiki ya tatu kioo, mawe na bomba la filta vyote vilikuwa safi, huku mimea ikiwa haijaguswa. Mwani wa nyuzinyuzi ndefu hawakuushughulikia, nami naendelea kuutoa kwa mkono. Mwani ulipopungua ilinibidi niwape kipande cha tango au mchicha uliochemshwa kidogo, kwani konokono sita katika tangi safi hufa njaa kimyakimya.

Muuzaji aliniambia, “Hawa hawana shida, mzee, kazi yao ni kula tu.” Shida ilionekana mwezi wa pili, ncha za magamba zilipoanza kuwa nyeupe na kutoboka. Nilipopima maji nilikuta pH (kipimo cha asidi, ambapo chini ya 7 maji huwa na asidi) ni 6.5, ilhali konokono hawa huhitaji maji yaliyopita 7 na yenye kalsiamu ya kutosha, la sivyo gamba huliwa na maji yenyewe. Niliweka makombe ya pwani yaliyopondwa ndani ya filta, pH ikapanda polepole hadi 7.4, na sehemu mpya ya gamba inaota ikiwa nzima, ingawa mashimo ya zamani hayazibiki.

Wa kwanza kufa alipanda usiku akatokea kwenye upenyo wa mfuniko, nikamkuta sakafuni amekauka. Kosa hilo ni langu. Wa pili simsamehei muuzaji. Samaki wangu walipopata madoa meupe, duka hilohilo liliniuzia dawa yenye shaba bila kuniuliza kama nina konokono, wakati shaba ni sumu kwao hata ikiwa kidogo. Niliwahamishia watano kwenye ndoo siku hiyohiyo, na mmoja hakuamka tena.

Niliahidiwa pia kwamba wangezaana na kunirudishia fedha yangu. Mayai wametaga kweli, meupe kama punje za ufuta, yaliyogandamana na mbao kiasi kwamba kuyaondoa ni adhabu, lakini hayatatoa konokono hata mmoja, kwa kuwa viluwiluwi vyao huhitaji maji ya chumvichumvi kama yale ya midomo ya mito ya pwani. Kwangu hiyo ni faida, maana tangi halitajaa, ila ahadi ilikuwa ya uongo.

Anayeishi nyanda hizi za juu azingatie pia baridi. Mwezi Juni na Julai, usiku wa Mbeya unaposhuka chini ya nyuzijoto 10, tangi lisilo na hita huwafanya wajifungie ndani ya gamba na kuacha kula. Mimi hulishikilia kwenye nyuzijoto 24, na umeme ukikatika hulifunika kwa blanketi. Rafiki alinishauri niokote konokono wa bure mtoni, lakini baadhi ya konokono wa maji baridi nchini hueneza kichocho, na sitaki kutumbukiza mikono yangu katika maji ya namna hiyo kila Jumamosi.

Kwa haki, duka liliwafunga vizuri, kila mmoja katika mfuko wake wenye unyevu, na bei haikubadilika nilipofika. Nitarudi kuongeza wawili, kwani sita kwa lita 120 ni kiasi kinachofaa, ila dawa nitaisoma lebo kabla ya kulipa.