TAHADHARI: Muuza magitaa wa Instagram mwenye "mzigo wa Mjerumani anayeondoka" amenipiga

Wadau wa magitaa, vinanda, spika na kila chombo kinachopiga kelele, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela leo. Kuna jamaa yuko Instagram, anajiita muuza vyombo vya muziki, anasema duka liko Kariakoo na mikoani anatuma kwa basi. Amenipiga 1,850,000. Jina la akaunti siliweki hapa, braza wakili amenikataza mpaka faili lisogee polisi, lakini nikieleza alivyofanya wengine mtamjua humu humu, maana nina hakika si mimi peke yangu. Watu wanalizwa, wananyamaza kwa aibu. Mimi aibu yangu imeishia stendi ya Nyegezi hapa Mwanza, mbele ya wapiga debe na mama wa karanga, kwa hiyo nasema.

Habari ya Igoma sirudii, kwamba gitaa langu lilikaliwa likavunjika. Mnajua gitaa langu liliishaje na mnajua nani alilikalia. Toka siku ile napigia la kuazima, shingo imepinda, ukipanda juu ya freti ya saba (kile chuma cha saba shingoni) unasikia vyuma vinagongana, na harusi ya binti wa mwalimu wa kwaya ndiyo hiyo inakuja. Msiniulize kwa nini nilikuwa na haraka.

Tangazo lenyewe: Gibson Les Paul, gitaa la umeme la Kimarekani, njano katikati inakolea pembeni kuwa kahawia, na kasha lake gumu. Bei 2,200,000, maongezi yapo. Maelezo yakasema ni la Mjerumani aliyekuwa na mkataba wa kazi Dar, mkataba umekwisha, anaondoka na familia, anauza kila kitu mpaka friji. Sasa kabla mtu hajaniambia bei ile ilitakiwa inishtue, ngoja. Najua Les Paul Standard mpya ya Marekani inazidi dola 2,000 kabla hujagusa usafiri na ushuru. Nyote mnajua. Lakini nyote pia mnajua wageni wanaoondoka wanavyouza. Yule mpiga besi wetu ile ampu yake (spika ya kukuzia sauti ya gitaa) aliipataje? Kwa Mholanzi wa Capri Point, bei ya kutupa, na ni halisi mpaka leo. Hadithi ya Mjerumani haikuwa ya kijinga. Ilikuwa imepimwa.

Halafu jamaa anaujua muziki. Si wale wa "gitaa kali, ogi, wahi". Aliniuliza napigia nyuzi za unene namba ngapi. Nikamwambia kumi. Akasema basi ukilipata mpe fundi alicheki, Mjerumani alikuwa anafunga kumi na moja, shingo imezoea kuvutwa zaidi. Tapeli gani anakwambia hivyo? Tena bila kuulizwa akanitajia kwamba mgongoni kuna mkwaruzo wa chuma cha mkanda wa suruali, akanitumia picha ya mkwaruzo tu, ya karibu, kidole kinauonyesha. Mtu akikutajia kasoro mwenyewe, unaacha kutafuta nyingine. Na kuna mdau humu, sitamtaja, aliwahi kununua kwake nyuzi na kapo (kibanio cha shingo ya gitaa), vikafika salama. Nilimuuliza. Akaniambia "huyo yuko vizuri".

Nikadai video ya moja kwa moja, sikutaka ya kurekodi. Akasema sawa mkuu, nipe dakika nimalizane na mteja. Akanipigia mwenyewe WhatsApp. Naiona mpaka sasa hivi: kofia nyeusi, nyuma yake magitaa yametundikwa ukutani, ampu mbili chini, feni inazunguka, kelele za nje za Kariakoo kabisa, mtu anauza maji kwa kipaza sauti. Nikamwambia nionyeshe kichwa cha gitaa. Akakisogeza mpaka kikajaa kwenye kioo. Jina limepachikwa ndani ya mbao, linang'aa kama lulu, si stika. Nikamwambia geuza. Akageuza, nikaona namba na maandishi ya kwamba limetengenezwa Marekani, vimedidimizwa kwenye mbao. Nikaona na mkwaruzo wake palepale pa picha. Nikamwambia piga.

Akachomeka waya. Akaanza ridhimu taratibu kwenye C, akaniangalia anatabasamu, akapanda juu akaingia sebene. Jamani. Kidole gumba na cha shahada, zile noti mbilimbili zinafukuzana, safi, hakuna kukosea. Akamaliza akasema, "Unasikia kaka? Hili linakusubiri wewe." Mimi niko kibarazani, mke wangu ametoka jikoni kusikiliza, mtoto anacheza. Sasa niambieni, mtu anayepiga sebene vile, nimemwona kwa macho yangu gitaa likiwa mikononi mwake, nimwite mwizi kwa lipi?

Tukakubaliana 1,850,000 na akaniongezea maiki ya Shure SM58 "zawadi ya kanisa". Akatuma lipa namba. Naingiza, jina linalotokea ni la duka la vipodozi. Nikamuuliza. Akajibu bila kusita: ya dukani inasumbua toka asubuhi, hiyo ni ya wife, duka la jirani. Nikiwa bado nimeshika simu, namba ya siri sijaingiza, ujumbe ukaingia: "Kaka kuna mtu wa Dodoma amefika ana keshi, nimpe au nikushikie?" Na picha: mgongo wa mtu amesimama kwenye kaunta. Nikabonyeza.

Na mzigo alituma! Hapo ndipo ninaposema huyu si tapeli wa kujifunza. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanakulia hela wanazima simu. Huyu hakuzima kitu. Usiku uleule picha ya boksi refu limefungwa kwa gundi ya karatasi, liko stendi ya Magufuli kule Mbezi, na risiti ya mzigo ya kampuni ya basi yenye jina langu na namba yangu. Nikalala usingizi wa mtu aliyelipwa deni. Asubuhi akanisalimia: "Mzigo umeshafika, mkuu?" Nikalala usingizi wa mtu aliyelipwa deni.

Nyegezi nikalipokea boksi, nikaona jepesi. Nikajiambia boksi tu hilo. Sikungoja kufika nyumbani, nikaomba kisu kwa kijana wa mizigo, nikalifungulia palepale juu ya benchi, watu wamezunguka kwa sababu gitaa ni gitaa. Kasha gumu hakuna, limefungwa mfuko wa kitambaa na magazeti. Rangi ileile, njano na kahawia. Jina lipo kichwani. Mmoja akasema "aah hii mashine". Mimi naligeuza kutafuta mkwaruzo. Mgongo safi. Hauna hata alama ya ukucha. Sijawahi kuchukia kitu kisafi kama nilivyouchukia mgongo ule. Nikasugua kwa kidole, nikasugua kwa mate, kana kwamba mkwaruzo ungetokea. Yule kijana akaniuliza, "Vipi bosi, siyo lenyewe?" Wote wakacheka.

Fundi wetu wa Mabatini alilishika tu akaliweka chini. Hakulichomeka kwanza. Akanionyesha kile kifuniko kidogo cha kichwani, kinachofunika chuma cha kunyooshea shingo: kwenye Gibson kinakaa kwa skrubu mbili, hili lina tatu. Akanionyesha shingo imeungwa vipande pale karibu na kichwa, mstari unauona ukiliinamisha kwenye mwanga. Daraja la nyuzi limefungwa kwa skrubu nene za bisibisi kubwa. Akafungua mgongo: nyaya nyembamba za redio, vifundo vya sauti vidogo vya vitu vya kuchezea, na mbao ndani haina uhusiano wowote na mahogani. Tukachomeka. Linalia kama kopo la Kimbo lililofungwa waya, na ukiongeza sauti kidogo ampu inapiga yowe.

Kilichonimaliza ni namba. Gibson nyingi za kuanzia 1977 mpaka 2013 zina namba inayosomeka: tarakimu ya kwanza na ya tano zinakupa mwaka, na tatu za katikati, ya pili mpaka ya nne, ni siku ya mwaka ambayo namba iligongwa. Jamaa alisema ni gitaa la miaka ya 1990, na nyingi za miaka hiyo zinasomeka hivyohivyo. Langu zile tatu za katikati ni 482. Siku ya 482 ya mwaka! Mwaka mrefu kabisa una siku 366. Waliolitengeneza hawakujisumbua hata kuchungulia kalenda.

Maiki nayo tukaipeleka kwa sonara pale mtaani, kwenye mizani yake ya dhahabu. SM58 halisi ni gramu 298. Ile haikufika hata 250. Ati zawadi ya kanisa. Mungu anamwona.

Nikampigia. Akapokea, hakukimbia, ndicho kinachoniuma. "Mkuu, hilo ndilo uliloliona kwenye video." Nikamwambia mkwaruzo uko wapi? Akasema, "Nimekupigia polishi, hiyo ni huduma." Huduma! Nikamtumia picha ya skrubu tatu. Akasema mimi sijui magitaa, nimezoea ya makaratasi. Nilipotaja polisi akaniblok, na akawablok mke wangu na fundi pia, sijui namba ya fundi aliitoa wapi.

Huyu mtu afungwe. Sisemi arudishe hela tu, hela airudishe na afungwe. Mnajua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, ilitungwa kwa ajili ya nani kama siyo huyu? Anyang'anywe simu, laini zote, na lile gitaa la video lichukuliwe kama kidhibiti, maana lile naamini ni halisi, ndilo chambo chake, linaingia kwenye video na haliondoki dukani. Na vidole vile vya sebene, Mungu anisamehe, sitasema nilichofikiria kuvihusu. RB (namba ya taarifa ya polisi) nimeshachukua. Namba zake nimezituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Tume ya Ushindani, FCC, nyie wa bidhaa bandia, nawaandikia wiki hii na gitaa nawaletea mkono kwa mkono. Na mwenye lile duka la vipodozi naye aitwe aeleze, jina lake lilitokea kwenye simu yangu, hawezi kusema hajui. Na yule aliyepigwa picha mgongo akijifanya mtu wa Dodoma, naye ndani. Wote ndani.

Mnaniuliza dalili za utapeli wake zilikuwa zipi. Sawa. Komenti amezifunga, nilidhani ni kukwepa matusi ya watu. Binamu yangu wa Temeke alitaka kupita dukani kukagua, akaambiwa mzigo uko stoo Mbagala, njoo kesho, kesho ikawa "ameshaagiza mtu mwingine, harakisha". Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) alisema atanitumia baada ya mzigo kufika, na duka halali linakukatia palepale unapolipa. Mwombe muuzaji asome namba ya gitaa kwa mdomo wakati kamera inaionyesha, uiandike, halafu mwambie namba hiyohiyo iandikwe kwenye risiti. Mimi niliiona ikipita haraka tu kwenye video. Skrubu mbili nimeshasema. Nyingine fundi ataziandika, nimemwomba, anaandika polepole.

Gitaa lenyewe nimelitundika ukutani kwa fundi na karatasi ya "FEKI, USIGUSE", kila anayeingia analishangaa rangi. Harusi nitapigia la kuazima, msinicheke.

Nyie wawili wa Arusha mlioniandikia usiku kwamba mmeshatuma advansi ya "Les Paul ya Mjerumani": pigieni huduma kwa wateja ya mtandao wenu sasa hivi, hela kama haijatolewa wakati mwingine inawahi kuzuiwa. Msisubiri nijibu mimi. Pigeni simu kwanza.