Kuzungushwa zuu na mhudumu: nyota nne, ya tano nimeinyima kwa sababu ya bango

Jamani mi nilienda nikijua napiga picha na twiga narudi zangu, kumbe hii ya kuzungushwa na mhudumu ni darasa kabisa. Mnapitishwa mpaka kule wanakolala, harufu ipo, mjiandae.

Mhudumu wetu dada mmoja haogopi maswali. Tukafika kwa simba, majike wawili wamelala kama magunia, akasema hawa wana vijiti. Vijiti gani? Vya uzazi wa mpango, kama vya kina mama kliniki! Watu wakacheka weee, ila akasema simba jike ukimzuia kuzaa muda mrefu kuna wengine hawashiki tena mimba, siku ukitaka watoto ndo huwapati. Swala nao dume mmoja anatosha kundi zima, sasa watoto karibu nusu ni madume, ukubwani wanapigana, unawapeleka wapi na zuu zingine nazo zimejaa madume hao hao?

Kuna baba akamchokonoa na habari ya Marius, yule twiga wa zuu ya Copenhagen, Denmark, 2014, hajafika hata miaka miwili na mzima kabisa, akapigwa risasi kwa vile damu ya ukoo wake ilishajaa kwenye mpango wa zuu za Ulaya wa kuzalisha twiga, wakampasua mbele ya watu na watoto wapo, nyama wakala simba. Nikajua hapa dada atakwepa. Wapi! Akaongezea mwenyewe zuu ya Nuremberg, Ujerumani, 2025, nyani 12 waliuawa, banda lilijengwa la nyani 25 wao wakapita 40. Akasema kwao kwa sasa wanategemea vijiti na kutenganisha, ila mabanda ya kutengea yamebaki mawili. Mi sikupenda nilichosikia ila nimependa kuambiwa, bora hivyo kuliko kudanganywa kila mnyama anapata kwao.

Spika yake ilikuwa inakatakata, waiangalie.

Sasa bango. Mnatoka tu hapo mlangoni, mtoto wa simba mkuuubwa, "njooni muone watoto wetu", na duka zima midoli ya watoto wa simba. Nikamrudia dada, huyu wa kwenye bango yuko wapi? Akacheka kidogo, akasema ulishapita banda lake, yule dume aliyekaa peke yake kule nyuma, mwaka wa pili huu anasubiri zuu ya kumchukua.